Je, Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?

Somo kwa vikundi vya mazungumzo: asili ya mtu na tamaa yake

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya vikundi vya Lusenda, Mboko na Baraka, lakini linaweza kutumiwa na yeyote mwenye marafiki wawili au watatu wa kuketi nao jioni. Halihitaji ubao wala chaki. Linahitaji saa moja na nusu hivi, na ni vizuri kundi liwe na wenyeji na wakimbizi pamoja, wanaume kwa wanawake. Kiongozi alisome kwanza peke yake mpaka mwisho, kisha achague sehemu zitakazowafaa watu wake. Si lazima yote yamalizike siku moja.

Mazungumzo yenyewe

Aliyekaa Lusenda anayajua mazungumzo ya namna hii. Jua limeingia nyuma ya milima, wavuvi wanatayarisha taa zao za kwenda kuvua ndagala, na watu wameketi chini ya mti. Hakuna mwenyekiti wala karatasi ya mahudhurio. Mtu analeta kisa cha mchana: kwenye bomba la maji, mama mmoja alifika na bidoni tano, akazipanga mbele ya bidoni za watu waliotangulia. Wanawake wakasukumana. Kisa chenyewe kinaisha kwa dakika mbili, halafu linaanza lile lingine, refu zaidi, la kutafuta mwanadamu ni kitu gani.

"Mwanadamu hashibi," anasema mzee mmoja. "Hata umpe ziwa lote, atauliza ng'ambo ni ya nani."

"Mzee, usiseme hivyo," anajibu mwalimu. "Sisi mwaka 1996 tulivuka ziwa hili mikono mitupu. Kule Kasulu, nani alitupa mihogo ya kwanza? Mtu asiyetujua hata jina."

"Huyo alikuwa mmoja, mwalimu."

"Na yule wa bomba, mzee wangu, si mmoja vilevile?"

Watu wanacheka. Mmoja anasema mtu huzaliwa na utu, njaa ndiyo inayomharibu. Mwingine anasema njaa haimharibu mtu, inamfunua tu. Mama anayechambua maharage pembeni, ambaye wote walidhani hasikilizi, anauliza kama kuna aliyewahi kumfundisha mtoto mchanga kunyang'anya. Tena anauliza kama kuna aliyewahi kumfundisha mtoto mchanga kucheka. Hakuna anayeweza kumjibu.

Mazungumzo haya ni mazuri. Tungependa yawe mengi zaidi. Lakini mara nyingi hufika mahali ambapo mtu, bila ubaya wowote, anauliza: "Huyo mama wa bidoni, alikuwa Mrundi au wa hapa?"

Kiongozi asimame hapo kwa muda na awaulize watu: swali hilo limebadilisha nini? Dakika moja iliyopita walikuwa wakibishana juu ya mwanadamu, maana yake juu yao wote waliopo. Mzee alipomlaumu mwanadamu alikuwa anajilaumu na yeye. Sasa wanazungumza juu ya baadhi ya watu tu, na aliyeuliza ameshajitoa katika hesabu. Neno "asili" bado ni lile lile, lakini kazi yake imebadilika kabisa.

Methali zinazogombana

Wengi wetu tunaitegemea methali kumaliza ubishi. Tatizo ni kwamba methali zenyewe zinabishana. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," na mkutano unanyamaza kana kwamba hukumu imetoka. "Tabia ni ngozi," maana yake haivuliki. Lakini wazee hao hao walituachia "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" na "Samaki mkunje angali mbichi." Kama samaki anakunjika akiwa mbichi, basi umbo lake la mwisho linategemea mikono iliyomkunja. Mawili haya hayawezi kuwa kweli kwa pamoja kwa namna moja.

Mimi nadhani wazee hawakukosea. Walitupatia methali za pande zote mbili ili tubishane vizuri. Hatari inakuja pale tunapoichagua methali ya nyoka kwa ajili ya watoto wa jirani, na ile ya samaki kwa ajili ya watoto wetu. Mtoto wangu akiiba embe, tunasema bado anakua. Mtoto wa jirani akiiba embe, tunasema baba yake pia alikuwa hivyo.

Hili si jambo la kuchekesha katika nchi zetu. Nchini Rwanda mwaka 1994, watu waliitwa mende redioni, na waliitwa nyoka, kabla na wakati wa kuuawa. Mtu hamuui jirani yake kwa urahisi. Kwanza anatakiwa aambiwe kwamba yule si jirani, ni aina nyingine ya kiumbe. Na hapa kwetu pia tunayo makaburi. Makobola, kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya raia waliuawa na askari wa vita vile. Gatumba, upande wa Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini mwao. Kila jamii inawahesabu marehemu wake, kama ilivyo haki yake. Kinachoumiza ni kwamba pande zote mbili, ukizisikiliza jioni, zinamaliza hesabu kwa sentensi moja: "Wale ndivyo walivyo."

Wataalamu nao wameliangalia jambo hili. Mwaka 1986 wanasayansi wa nchi mbalimbali walikutana Sevilla, Hispania, wakatoa tamko kwamba si sahihi kisayansi kusema vita vimo katika damu ya mwanadamu. UNESCO ililipokea tamko hilo mwaka 1989. Wapo wanaosema tamko lilikuwa na matumaini kupita ushahidi, na kundi linaweza kulijadili hilo. Lakini hata wale wakosoaji hawasemi kwamba kabila moja lina vita katika damu na lingine halina.

Ziwa limebadilisha viti mara ngapi?

Zoezi hili ni fupi na linafaa sana penye wazee. Kiongozi ataje mwaka, kundi liseme nani alikuwa mgeni na nani alikuwa mwenyeji.

Mwaka 1972: Warundi wengi wanakimbia mauaji nchini mwao, na baadhi yao wanafika Uvira na Fizi. Mwaka 1996: vita vinaanza huku kwetu, watu wa Fizi wanavuka ziwa kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu inafunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Kuanzia mwaka 2005: boti zinawarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka, na wanaporudi wanakuta vichaka mahali pa nyumba. Mwaka 2015: baada ya machafuko ya Aprili juu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, Warundi wanavuka tena, Lusenda inakuwa makao yao, na baadaye eneo la pili linafunguliwa Mulongwe, karibu na Baraka. Mwaka 2025: vita vinafika Bukavu mwezi wa Februari, na makumi ya maelfu ya Wakongo wanavuka Rusizi kuomba hifadhi Burundi.

Sasa ulizeni: ni ipi asili ya mkimbizi? Mwenyeji wa Lusenda anayesema wakimbizi wana tabia ya kuomba-omba, yeye mwenyewe alipanga foleni ya unga Nyarugusu. Mkimbizi anayesema wenyeji ni wachoyo, inawezekana leo kijijini kwao kuna Mkongo anayesema hivyo hivyo juu ya wajomba zake. Mtu amebaki yule yule. Kiti alichokalia ndicho kilichobadilika.

Neno "tamaa"

Kiswahili kina jambo la ajabu ambalo wengi hatujalitazama. Tukisema "ana tamaa" tunamlaumu mtu, na tunamtishia: "Tamaa mbele, mauti nyuma." Lakini tukisema "amekata tamaa" tunamhurumia. Neno ni moja. Mwenye tamaa tunamkemea, aliyeikata tunakimbia kumtia moyo. Basi tunataka watu wawe na tamaa au wasiwe nayo?

Msiharakishe kulijibu swali hili. Katika mahali kama Lusenda lina uzito wake. Mtu aliyekaa kwenye kibanda miaka kumi, asiyetaka tena shamba, wala kumpeleka mtoto shuleni, wala kurudi, wala kubaki, hatumwiti mtakatifu kwa sababu ameishinda tamaa. Tunamwogopea. Kijana asiyetaka chochote huchukuliwa kwa urahisi na mtu mwenye bunduki anayejua anachokitaka.

Tuchukue mfano. Mama mkimbizi anakodi shamba kwa mwenyeji. Wanakubaliana kwa maneno: "msimu mmoja." Mama anapanda mihogo, inastawi. Baada ya miezi michache mwenye shamba anakuja kulitaka shamba lake, kwa sababu msimu umekwisha. Mama anasema ameibiwa: aliona mihogo imependeza, tamaa ikamwingia. Mwenye shamba anasema mama anataka kulifanya shamba kuwa lake: ukimpa mgeni kidole, anashika mkono. Jioni, katika mikutano miwili tofauti, watu wanaeleza asili ya wenyeji na asili ya wakimbizi.

Lakini tazameni vizuri. Mwenye shamba alikuwa akifikiria maharage, ambayo hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mama alikuwa akifikiria mihogo, ambayo hukaa ardhini mwaka mzima na wakati mwingine zaidi. "Msimu mmoja" kwa mmoja ulikuwa miezi mitatu au minne, na kwa mwingine miezi kumi na miwili. Wote wawili walitaka jambo moja, nalo halina aibu: kuwa na chakula mwaka ujao. Ugomvi ulikuwa umeshalala ndani ya makubaliano tangu siku ya kwanza, kabla mtu yeyote hajaonyesha asili yake. Makubaliano yakitaja zao, mwezi wa kuvuna, sehemu ya mavuno au kiasi cha franka, mbele ya mashahidi wa pande zote, sehemu kubwa ya hiyo inayoitwa asili inatoweka. Sisemi yote. Kuna wenye shamba wanaoona mihogo imependeza na kweli wanaingiwa na tamaa. Kuna wakodishaji wasiolipa.

Wanafalsafa waliokimbia

Ubishi wa chini ya mti ni wa zamani sana. Huko China, karne ya nne kabla ya Kristo, Mencius alisema: mtu yeyote akimwona mtoto anakaribia kutumbukia kisimani, moyo wake utashtuka, hata kama hamjui mzazi wa mtoto wala hatarajii sifa. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba mbegu ya wema imo ndani ya kila mtu, ingawa mbegu isiyomwagiliwa hufa. Mwingereza Hobbes aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1651 kwamba watu wasipokuwa na mamlaka ya kuwazuia, kila mmoja huwa vitani na mwenzake. Rousseau, mwaka 1755, alijibu kinyume: mtu wa asili hakuwa na shida, shida ilianza watu walipoanza kujilinganisha na kugawana ardhi.

Tunawataja hawa kwa sababu moja ambayo vitabu vya shule huiruka. Hobbes alikuwa ameikimbia nchi yake kwa sababu ya machafuko, na kitabu kile alikiandika akiwa Paris. Rousseau naye alikuja kutoroka Ufaransa mwaka 1762 alipotakiwa kukamatwa. Anayebishana juu ya asili ya mtu akiwa amelala kwenye hema la msaada hana haja ya kuwaonea haya mabwana hawa. Anajua mambo ambayo wao pia walijifunza njiani.

Wavulana wa Oklahoma, na wale wengine

Hadithi hii watu huipenda, na ina mkia ambao watu wengi hawausimulii.

Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia, Muzafer Sherif, aliwachukua wavulana 22 wa miaka kama kumi na mmoja na kuwapeleka kwenye kambi ya mapumziko Oklahoma, Marekani. Walifanana kwa kila kitu: rangi, dini, hali ya wazazi. Aliwagawa makundi mawili yasiyojuana, kisha akawashindanisha kwa zawadi ambazo kundi moja tu lingezipata. Kwa siku chache wakawa wanatukanana, wanachoma bendera za wenzao, wanavamia vibanda usiku. Halafu waliletewa matatizo ambayo kundi moja haliwezi kuyamaliza. Maji ya kambi yalikatika na ikabidi wote watafute sababu. Lori lililokuwa likienda kuleta chakula likagoma kuwaka, wakalivuta kwa kamba pamoja. Uadui ukapungua sana.

Watu wa amani wameisimulia hadithi hii kwa miaka mingi: tupeni kazi ya pamoja, bomba la pamoja, na tutapatana. Kuna ukweli humo, na kamati nyingi za maji zenye wajumbe wa pande mbili zimejengwa juu ya wazo la namna hiyo. Lakini mwaka mmoja kabla, 1953, Sherif alikuwa amejaribu jambo hilo hilo katika jimbo la New York na likashindikana. Safari ile wavulana waliachwa kwanza wawe marafiki wote kwa pamoja, ndipo wakagawanywa. Watu wazima wa kambi walijaribu kuwachochea kwa siri, wakaiba nguo na kuharibu vitu ili kila kundi lilaumu lingine. Wavulana wakakaa, wakaulizana, wakakataa kulaumiana, na mwishowe wakaanza kuwashuku watu wazima wenyewe. Jaribio likavunjwa. Mwandishi Gina Perry aliyafufua habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 2018.

Ningependa kundi likae na hadithi hii ya pili kwa muda mrefu kuliko ya kwanza. Wavulana wale hawakuwa wema kuliko wa Oklahoma. Walikuwa wameshakula pamoja na kucheka pamoja kabla ya kugawanywa, na walikuwa na mahali pa kuulizana: "Wewe ulichukua nguo zangu?" "La." "Basi nani?" Ulizeni kundi lenu: mtumbwi unapoibwa usiku au ng'ombe anapokatwa, ni nani anayefaidika tukilaumiana? Na je, tunapo mahali pa kuulizana kabla ya jua kuchwa?

Mgeni aliyekuja Fizi kutafuta mtu mpya

Wazee wa Fizi wanaweza kuongeza mengi hapa, na kiongozi awaache waongeze.

Mwezi wa Machi 1965 ilichapishwa makala ya Che Guevara juu ya mtu mpya. Wazo lake lilikuwa kwamba tamaa ya mali si asili ya mtu. Ni mazoea ya jamii iliyomlea, na jamii mpya inaweza kumlea mtu anayefanya kazi kwa ajili ya wenzake. Tarehe 24 Aprili mwaka huo huo, mwandishi wa maneno hayo alishuka Kibamba, kwenye ufuko wa ziwa hili hili katika eneo la Fizi, kwa jina la Tatu, akiwa na Wacuba wachache, kuwasaidia waasi waliopigana na serikali. Aliondoka mwezi wa Novemba, mambo yakiwa yameharibika. Aliandika kumbukumbu zake akiwa amejificha katika ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam, na hakuficha kwamba ni habari ya kushindwa.

Hatuingii katika siasa za vita vile. Tunatazama jambo moja tu. Katika kumbukumbu hizo analalamika mara kwa mara kwamba wapiganaji walikataa kubeba mizigo kupanda mlima, wakisema wao si magari. Ukisoma haraka, unaweza kusema: kumbe mtu mpya hayupo, watu wa Fizi asili yao ni uvivu. Wapo waliosoma hivyo. Lakini katika kumbukumbu hizo hizo anaeleza kwamba viongozi wengi wa wapiganaji walikuwa ng'ambo, Kigoma, wakistarehe. Na mwishoni anajiuliza swali ambalo ni afadhali angelikuwa amejiuliza kabla ya kupanda mashua: wakulima wa huku walikuwa na ardhi yao, hakuna kabaila aliyewanyang'anya, basi jeshi lile lilikuwa na kitu gani cha kuwapa?

Alikuja na jibu kuhusu tamaa ya mwanadamu kabla ya kuwauliza wanadamu wa mahali hapa wanatamani nini. Miradi mingi iliyokuja baadaye na magari meupe imefanya vivyo hivyo, na sisi wa mashirika hatujitoi katika lawama hiyo. Msomaji atakumbuka semina zilizofundisha upatanisho mahali ambapo watu walikuwa wakiomba kwanza daraja.

Namna ya kuongoza mazungumzo

Wabembe wanao lubunga, mahali pa wanaume kuketi na kuzungumza mambo ya kijiji. Warundi wanao bashingantahe, wazee waliosimikwa kusikiliza na kuamua kwa haki. Mazungumzo tunayoyasema hapa hayachukui nafasi ya vyombo hivyo wala ya mahakama. Ni jambo dogo kuliko hayo, na kwa sababu ni dogo, wanawake na vijana ambao hawakupewa kiti kule wanaweza kukipata hapa.

Kanuni moja inatosha: anayesema neno juu ya asili, ajihesabu ndani yake. Akisema "watu ni wachoyo," aendelee: "na mimi, siku fulani, nilichoya hivi." Akisema "watu wana huruma," aseme ni nani aliyemhurumia yeye. Asiyeweza kujihesabu ndani ya sentensi yake, aibadilishe sentensi. Hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Jaribuni dakika kumi tu mtaona wasemaji wakubwa wanavyonyamaza.

Mtu akisema "wale ndivyo walivyo," msimkatize kwa hasira wala msimhubirie. Huenda amezika watu wake. Mwacheni aseme ni lini, ni wapi, ni nani hasa aliyefanya. Uovu wenye tarehe na jina unaweza kushtakiwa. Ule unaoitwa asili hauna wa kushtakiwa, wala hauna mwisho. Kisha muulizeni, kwa upole, kama katika siku zile zile kulikuwa na mtu yeyote wa upande ule aliyefanya tofauti. Mara nyingine jibu ni hapana. Lipokeeni.

Kama kisa kinahusu shamba, deni au kipigo cha siku hizi, kiongozi akitenge. Hicho kipelekwe kwa chifu, kwa kamati au kwa polisi, siku inayofuata. Falsafa ya jioni haimrudishii mtu mihogo yake.

Maswali ya kuzungumzia

Ni methali gani ya lugha yako ya mama inasema mtu habadiliki, na ni ipi inasema anabadilika? Wazungumzaji wa Kibembe, Kifuliiru na Kirundi watoe kila mmoja mbili, wawatafsirie wenzao, na wengine waseme ni lini wanapenda kuitumia ipi.

Unatamani nini mwaka huu, kitu kimoja tu? Kila mtu ataje chake, wenyeji na wakimbizi wakipokezana. Mwenye kuandika aandike bila majina wala makabila, kisha asome orodha yote kwa sauti. Kundi lijaribu kukisia kipi kilitajwa na mwenyeji na kipi kilitajwa na mkimbizi.

Wiki hii, kwenye bomba, sokoni au kwenye kuni, ulichukua zaidi ya zamu yako? Ulikuwa na sababu gani? Na aliyekuwa nyuma yako katika foleni, unadhani jioni ile alisema wewe ni mtu wa namna gani?